Printa ya picha ya mtumba inatoa mistari? Soma karatasi kabla hujagusa hedi

Upepo wa Dodoma ukishashika kasi, kuanzia Juni hivi, printa huanza kujipanga mezani kwangu. Zinakuja kwa bajaji, zinakuja kwa bodaboda zimeviringishwa khanga, na moja ililetwa kwa toroli kutoka Majengo. Nyingi ni zile za picha zenye matangi sita ya wino ubavuni, Epson L805 au kaka yake L1800 anayechapa hadi A3, zilizonunuliwa mtumba Kariakoo au kwa mtu aliyefunga steshenari yake. Wenye nazo huwa na kauli moja: "Fundi, hedi imeziba."

Nusu ya hizo hedi, yaani vichwa vinavyotema wino kwenye karatasi, hazijaziba. Shida ni kwamba mwenyewe anakuwa ameshajitibu: kamimina spiriti, kapuliza dawa ya vioo, au kaosha kwa maji ya bomba. Maji yetu ya visima yana chumvi; angalia ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai, kisha fikiria ukoko huo ndani ya tundu lisiloonekana kwa macho. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kutambua ugonjwa. Dawa yenyewe ni fupi.

Kwanza ujue unachoshughulika nacho. Hedi ya L805 ina rangi sita: nyeusi, bluu, waridi iliyokolea, njano, halafu bluu mpauko na waridi mpauko. Kila rangi ina nozo 90, yaani vitundu vya kutolea wino, na tone dogo kabisa linalotoka ni pikolita 1.5. Wino hausukumwi kwa moto. Ndani kuna vipande vinavyojikunja vikipata umeme na kuukamua wino nje. HP na Canon hutumia joto: wino huchemka, povu linausukuma. Tofauti hiyo ina maana mfukoni mwako. Hedi ya joto ikichapa bila wino huungua haraka, lakini kwenye HP nyingi hedi iko kwenye katriji yenyewe, unatupa unaweka nyingine, na Canon za G za mwanzo zina hedi mbili unazoweza kuchomoa kwa mkono. Ya Epson imefungwa ndani ya mashine na bei yake inauma. Kwa hiyo tunaibembeleza.

Kabla hujalipa

Kama bado hujanunua, usikubali kuonyeshwa picha nzuri iliyokwisha chapwa. Sema unataka nozo cheki, ile karatasi ya kupima kama kila nozo inatoa wino, pale pale, mbele yako. Ikitoka, chapa picha tatu au nne zenye rangi nyingi, kisha nozo cheki ya pili. Printa inayopasi ya kwanza na kufeli ya pili ina tatizo la wino kufika, nalo muuzaji analijua.

Halafu chungulia matangi. Wino wa picha wa kawaida kwenye mashine hizi ni wa rangi iliyoyeyuka kabisa kwenye maji. Ukikauka, maji huurudisha. Lakini L805 na L1800 nyingi za mtumba zilikuwa zinachapa vikombe na fulana, kwa wino wa sablimesheni, ule unaohamishiwa kwenye kitu kwa joto, na nyingine ziligeuzwa kuwa za DTF, yaani kuchapa kwenye filamu kisha kubandika picha kwenye nguo kwa gundi na joto. Ukiona madoa meupe kama chokaa karibu na hedi, au unga wa gundi kwenye kona, hiyo ilikuwa DTF. Wino mweupe wa DTF una chembe nzito zinazotuama. Ukikauka ndani ya hedi, maji hayaurudishi. Mimi printa hiyo siigusi hata nikipunguziwa nusu ya bei.

Hatua ya kwanza: nozo cheki, na kalamu mkononi

Fungua draiva, ile programu ya printa kwenye kompyuta, nenda sehemu ya matengenezo, chapa nozo cheki. Tumia karatasi nyeupe safi. Utapata vijistari vifupi vya kila rangi vilivyopangwa kama ngazi. Palipo na pengo, nozo hiyo haikutoa wino.

Bluu mpauko na waridi mpauko hazionekani vizuri chini ya taa ya bati la duka. Toka nje, iinamishe karatasi juani. Watu wengi hukosea hapa: wanaona nyeusi na njano ziko sawa, wanasema printa nzima, kumbe waridi mpauko yote haipo, ndiyo maana nyuso za wateja zinatoka na rangi ya mgonjwa wa manjano.

Andika saa na tarehe kwenye karatasi. Chapa ya pili baada ya dakika kumi, andika tena. Ziweke mbili bega kwa bega.

Mapengo yakiwa pale pale kwenye karatasi zote mbili, hapo kuna nozo zilizoziba kweli. Mapengo yakihama, leo hapa kesho pale, hiyo ni hewa au wino haufiki vizuri. Rangi moja ikikosekana yote, usiwaze kuziba kwanza: nozo 90 haziwezi kukubaliana kuziba siku moja. Angalia tangi, mrija wa rangi hiyo, na dampa, kile kikopo kidogo cha plastiki juu ya hedi ambako mrija huishia. Rangi zote zikiwa mbovu, na kila ukisafisha zinazidi kuharibika, kosa liko pale hedi inapolala. Na kama asubuhi ni mbovu, ukisafisha inapona, ukilala ukaamka imeharibika tena, ni huko huko.

Nilikuwa naye mama mmoja mwenye steshenari upande wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Aliniletea L805 pamoja na picha tano za pasipoti zilizokataliwa na wanafunzi. Nyuso zilikuwa safi. Kwenye lile pazia la bluu nyuma ndiko kulikuwa na mistari miembamba ya kulala, kama mtu amechana kwa kitana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii imenitia hasara, hedi yake imekufa, niambie tu nitafute nyingine."

Nikachapa nozo cheki tatu. Bluu mpauko ilikuwa na mapengo manne, halafu saba mahali pengine, halafu kumi na kitu. Hedi inayokufa haichezi hivyo. Nikaangalia ubavuni mwa mashine, penye koki ya kusafirishia. Ilikuwa katikati, si wazi si imefungwa. Kijana anayefagia duka alikuwa ameisogeza printa ili adeki. Nikaigeuza mpaka mwisho, nikasafisha mara moja kwa programu, karatasi ikatoka imejaa. Mama alinitazama kama nimemwibia.

Hatua ya pili: koki, matangi, kisha usafi wa programu

L800, L805 na L1800 zina koki hiyo ubavuni kwenye matangi. Ikifungwa, wino hausafiri. Printa ikitoka Dar es Salaam kwa basi hufungwa, na wengi huiwasha bila kuifungua. Mwanzoni huchapa vizuri, kwa sababu mirija ina wino bado, halafu rangi zinapungua moja moja. Mtu anasafisha, anasafisha tena, anavuta hewa tu.

Hakikisha pia kila tangi lina wino juu ya alama ya chini. Ndipo uende kwenye draiva na kusafisha hedi kwa programu. Safisha, chapa nozo cheki. Safisha, chapa nozo cheki. Mara tatu, basi. Baada ya hapo zima printa kwa kitufe chake na uiache masaa 12. Kupumzika huko kuna kazi: mapovu madogo hupanda na kutoka, na wino uliokauka kwenye midomo ya nozo hulainika kwa unyevu wa wino mwenzake. Nimeona karatasi iliyofeli saa mbili usiku ikipasi saa mbili asubuhi bila mtu kugusa chochote.

Wanaosafisha mara kumi na tano mfululizo wanalipia mara mbili. Kila usafi huvuta wino na kuumwaga kwenye pedi iliyoko chini ya mashine. Kuna hesabu inawekwa ndani. Ikifika mwisho, taa zinawaka zikipepesa na printa inagoma. Kuna programu za kurudisha hesabu hiyo sifuri, na nyingi kati ya zile za bure mtandaoni huja na virusi. Hata ukipata iliyo safi, hesabu ikirudi sifuri pedi inabaki imelowa ile ile. Badilisha pedi, la sivyo utakuta dimbwi la rangi sita juu ya meza ya mbao.

Kuna pia usafi mkubwa kwenye draiva unaobadilisha wino wote ndani ya mirija. Huo ni wa kuondoa hewa, na unakunywa wino. Tangi likiwa chini ya theluthi moja, usiubonyeze. Utavuta hewa badala ya kuiondoa.

Hatua ya tatu: pale hedi inapolala

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, kwa sababu ni ya bei rahisi na ndiyo inayoponya printa nyingi zaidi za hapa kwetu. Hedi ikimaliza kazi hurudi kulia na kukaa juu ya kikombe cha mpira chenye sponji ndani. Kikombe hicho kina kazi mbili: kuifunika isikauke, na kuinyonya wakati wa usafi, kwa pampu iliyo chini. Mpira ukiwa na ukoko wa wino au vumbi kwenye ukingo, haufungi. Usipofunga, hauzuii ukavu wala haunyonyi, na hapo kusafisha kwa programu ni kujipiga chenga.

Ili hedi itoke juu ya kikombe, washa printa, subiri isogee katikati, kisha chomoa waya wa umeme. Hapa ni mahali pekee utakaponisikia nikiruhusu hivyo. Sasa hedi unaweza kuisukuma taratibu kwa kidole.

Maji: tumia maji ya betri, yale yaliyotolewa chumvi, yanauzwa gereji na kwenye vituo vya mafuta. Soma chupa. Usikubali "ya betri" tu, kwa sababu tindikali ya betri nayo huitwa hivyo hivyo na wauzaji wengine, na hiyo itakula hedi na vidole vyako. Yawe vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto.

Vijiti vya pamba vya masikio huacha nyuzi, na uzi mmoja kwenye ukingo wa mpira unatosha kuvujisha hewa. Navika kijiti kipande cha kitambaa cha miwani. Futa ukingo wote wa mpira mpaka kitambaa kitoke bila rangi. Futa na waipa, ule ulimi mdogo wa mpira pembeni. Ukiwa na ute wa wino mkavu, kila ukipangusa hedi unaipaka uchafu badala ya kuisafisha.

Kisha dondoshea maji kwenye sponji mpaka kikombe kikaribie kujaa. Kama baada ya kuwasha printa na kusafisha mara moja maji yameondoka, pampu iko hai. Kama yamebaki yametuama, mrija wa pampu umeziba au umechomoka, na huko ndiko kwenye kazi yako, hedi iache. Kama pampu ni nzima, jaza tena, rudisha hedi juu yake, ilale usiku mzima katika unyevu.

Hatua ya nne: karatasi iliyolowa

Mapengo yakiendelea kuwa pale pale, kunja karatasi ya jikoni iwe bapa yenye upana wa hedi, ilowe maji ya betri lakini isichuruzike, ilaze kwenye njia ya hedi, isukume hedi ikae juu yake. Masaa matatu au manne. Ukiitoa utaona michirizi ya rangi sambamba. Ile isiyo na mchirizi ndiyo rangi yenye mgogoro. Tishu za msalani hapana, zinameguka na kuacha uji ndani ya mashine.

Kwa sablimesheni na wino wenye chembe, maji peke yake huchelewa. Wauza wino huwa na maji maalumu ya kusafishia hedi, na hayo ndiyo ninayotumia. Spiriti tupu siipendi: baadhi ya wino huganda ukikutana nayo, na gundi iliyoshikilia vipande vya hedi haiipendi pia.

Hatua ya tano: bomba la sindano, kama hakuna njia nyingine

Hapa niliua hedi yangu mwenyewe, kwa hiyo nisikilize. Ilikuwa printa ya kwanza niliyonunua kwa kujifunzia. Njano iligoma, nikachukua bomba la sindano, nikabana kwa gumba kwa nguvu zangu zote. Nikasikia mlio mdogo, tik, kama ukucha unavunjika. Baada ya hapo njano ilipita vizuri sana, ikapita mpaka kwenye waridi. Kuta za ndani zilikuwa zimepasuka, na tangu siku hiyo rangi hizo mbili hazikutengana tena.

Fanya hivi. Printa iwe imechomolewa umeme. Toa dampa ya rangi yenye shida. Chini yake utaona kichomozi chembamba kinachoingia kwenye hedi. Nunua bomba la mililita 5 bila sindano na mpira wa dripu duka la dawa, kata sentimita tano, vika upande mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye kichomozi. Weka karatasi iliyokunjwa chini ya hedi. Funika kwa plastiki ule utepe mweupe wa umeme unaoingia kwenye hedi. Tone moja likiingia hapo na ukawasha, unaweza kupoteza hedi na bodi kwa mpigo mmoja.

Sukuma mililita moja kwa dakika, kwa uzito wa kidole kimoja. Ikigoma, usiongeze nguvu. Ongeza muda: acha maji yakae humo dakika ishirini, rudia. Vuta kidogo pia, si kusukuma tu, kwa kuwa uchafu mwingine ulitoka juu na njia yake ni kurudi juu. Mililita kumi kwa jumla zinatosha. Maji yakianza kutoka kwenye karatasi kama mstari mmoja mwembamba ulionyooka, umefika. Yakitokea pembeni au kwenye mstari wa rangi jirani, acha kabisa.

Rudisha dampa ikiwa imejaa wino. Dampa yenye hewa itakurudisha kwenye hatua ya pili. Kausha kila mahali na usubiri saa nzima kabla ya kuchomeka umeme. Safisha kwa programu mara moja, nozo cheki, kisha chapa ukurasa mzima wa rangi ile iliyokuwa na shida ili maji yaliyobaki yatoke.

Nozo mbili au tatu zikibaki na mapengo baada ya yote hayo, mimi huacha. Kwenye ubora wa juu hedi hupita mahali pamoja mara kadhaa, na nozo jirani huziba pengo hilo kwa wino wake. Mteja wa pasipoti hataiona. Rangi nzima ikiwa bado haipo na maji yanapita vizuri, tatizo ni la umeme, na hapo uliza bei ya hedi. Ikizidi nusu ya bei ya printa kama hiyo mtumba, iuze kwa vipuri: matangi, mirija, pampu na kikombe chake vina soko.

Isirudi tena

Mashine hizi zimetengenezwa kwa hewa yenye unyevu kati ya asilimia 20 na 80. Kiangazi chetu, mchana, upepo ukivuma, hewa hukaribia huo mpaka wa chini, na vumbi jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Usiweke printa dirishani wala mkabala na feni. Ifunike kwa kitambaa ukimaliza kazi. Chapa picha moja ndogo yenye rangi zote kila baada ya siku mbili. Kipande cha sentimita kumi kinatosha, na wino wake ni mdogo kuliko ule wa usafi mmoja.

Adui mkubwa, lakini, ni swichi ya ukutani. Saa mbili usiku mwenye duka anazima kila kitu kwa pamoja, printa ikiwa bado inamalizia. Hedi inabaki katikati ya njia, uchi, mpaka kesho. Zima kwa kitufe cha printa, subiri taa ife, ndipo uzime ukutani. Umeme ukikatika au uniti zikiisha katikati ya kazi, ukirudi washa printa hata kama huna cha kuchapa, ili hedi ijirudishe nyumbani kwake. UPS ndogo ya kompyuta, ile betri ya akiba, inatosha kuipa nafasi hiyo.

Na ukihama au chuo kikifungwa ukaamua kuipeleka mashine nyumbani, izime kwa kitufe chake, geuza koki iwe imefungwa, kaza vifuniko vya matangi, isafiri ikiwa imekaa kama ilivyokuwa mezani, isilazwe ubavu kwenye buti la basi. Kisha kata kipande cha plasta ya karatasi, kibandike juu ya kitufe cha kuwashia, uandike kwa kalamu ya wino mzito: KOKI IMEFUNGWA.